Yungiyungi la Mtumbwini

Juzi nilimgombeza muuza miche kando ya barabara, kijana wa watu, na wala hakuwa na kosa kubwa. Nilikuwa napita zangu kwa miguu na mfuko wa nyanya mkononi, mara harufu ikanishika: tope la bwawa lililopigwa na jua, lenye ubichi wa majani kwa juu na uvundo kidogo kutoka chini kabisa. Nikageuka. Katikati ya miche yake alikuwa na pipa la plastiki lililokatwa nusu, na ndani yake yungiyungi moja lenye majani mawili ya manjano, limezamishwa kwenye tope tupu bila hata punje ya mchanga juu. Nikamwambia, "Kaka, hili unaliua. Liko chini mno, na hilo tope likitibuka jua halifiki." Akaniuliza kama nanunua au sinunui. Nikasema sinunui, nikaendelea kumweleza habari za mchanga na matofali mpaka akahamia upande wa pili wa miche yake, akanipa mgongo.

Nilipofika nyumbani nilijicheka, halafu nikakasirika tena, na safari hii si kwa yule kijana. Mimi ni mtu mzima. Nimezika wazee wangu, nimesamehe makubwa kuliko haya. Lakini liko jambo moja la utotoni ambalo kila nikidhani limepoa, nikilichokoa kidogo tu nakuta kaa bado linawaka. Ni jambo la ua. Najua likisemwa hivyo linaonekana dogo. Ninyi wa rika langu mliowekwa ndani mkachezwa unyago mtanielewa, na wengine nivumilieni.

Tulikaa pembeni mwa Ikwiriri, upande unaoteremkia bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa visiwani huko delta, mkata mikoko, na alipohamia bara kufuata shamba alikuja na mtumbwi wake juu ya lori la mkaa. Mto ulikuwa mbali na nyumba, na wa kumsaidia kuuburuta hakupatikana, kwa hiyo tangu siku ile mtumbwi haukugusa maji. Babu alipofariki ukabaki uani, ubavu umepasuka, kuku wanatagia ndani. Hakuna aliyethubutu kuupasua kuni, maana Bibi alikuwa hai, na macho yake, ingawa yalikuwa na mtoto wa jicho, yaliona vizuri sana chochote kilichouhusu mtumbwi ule.

Mjomba Athumani, kaka yake Mama, alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Mloka. Kila akija kutusalimia alituletea habari za tembo walioingia mashambani mwa watu, na siku moja akatuletea habari ya ajabu kupita tembo. Hotelini kwao wamechimba bwawa la saruji, alisema, na kazi yake siku hizi ni kupanda mayungiyungi.

Mama aliacha kupepeta mchele. "Kupanda yungiyungi? Athumani, si sawa na mtu kupanda magugu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, dada."

"Na wakishavuna?" Bibi akauliza.

"Hawavuni, mama. Wanakaa vitini, wanatazama."

Bibi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi sikucheka. Mayungiyungi ya bondeni nilikuwa nayaona kila msimu, ya buluu na meupe, na mara nyingi nilichapwa kwa kuchelewa kurudi na ndoo ya maji kwa sababu nilisimama kuyatazama. Siku ile ndipo nilipojua kwamba wako watu wazima duniani wanaowekewa viti kwa jambo lile lile nililokuwa nikichapwa mimi. Nilimng'ang'ania mjomba mpaka akaahidi, na safari iliyofuata akaniletea kiazi cha ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kitambaa kibichi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Walikuwa wamesafisha bwawa, viazi vilivyozidi vikatupwa, naye akaokota kimoja.

"Rangi gani, mjomba?"

"Wallahi sijui, Mwanaidi. Pale kuna ya kila rangi, na hiki nimekitoa kwenye lundo."

Nilikipenda zaidi kwa sababu hiyo. Ya buluu na meupe nilikwisha kuyazoea. Hili lingeweza kuwa la rangi yoyote, na mtu wa kwanza kuiona ningekuwa mimi. Sijui kama mtoto aliyezaliwa na vitu vingi anaweza kuelewa utamu wa wazo hilo. Nguo zangu zilikuwa za binamu, daftari zangu zilianzia katikati, hata jina nilirithi kwa shangazi aliyekufa. Lakini rangi ile haikuwa imeonwa na mtu yeyote nyumbani kwetu.

Baba, mtu mpole wa Nyamwage aliyekuwa akilima ufuta kwao na kurudi kwetu kila Alhamisi, aliuziba ufa wa mtumbwi kwa saruji iliyobaki alipokuwa anasakafia nyumba. Nikaujaza maji ndoo kwa ndoo. Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Mwaka wa kwanza nilimwaga tope moja kwa moja mtumbwini nikachomeka kiazi, na maji yakawa kama mlenda uliolala. Mwaka wa pili nikapata akili: chungu kilichovunjika mdomo, udongo mweusi wa majarubani uliokandwa na mavi makavu ya mbuzi, juu yake mchanga wa vidole viwili ili tope lisipande, na chini ya chungu matofali. Majani yakirefuka unatoa tofali moja, unashusha chungu, mpaka kinakaa chini kabisa. Bwana afya alipita akasema nazalisha mbu na mtumbwi umwagwe. Nikaenda kwenye mtaro wa mpunga kukinga vidagaa vidogo kwa kitambaa, nikavitia humo vikala viluwiluwi vyote, na aliporudi akachungulia akaenda zake. Halafu bata wa jirani wakaja asubuhi moja wakamaliza majani yote. Nililia siku nzima. Mama akaniambia subira yavuta heri, na tangu hapo msemo huo nauchukia, maana wasemaji wake wakuu ni wale ambao bata hawajawapitia.

Mwaka wa tatu nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani kutwa, na yungiyungi likanionea huruma. Majani yaliujaza mtumbwi toka tezi hadi omo, mapana, yenye madoa ya hudhurungi ambayo ya bondeni hayana. Kila asubuhi niliingiza mguu mmoja majini, nikakata majani makuukuu ili machanga yapate jua. Asubuhi moja nilipoutoa mguu nikaona uzi wa damu unashuka kwenye goko. Ruba, nikajua. Maruba yalikwisha kuniuma mara nyingi, na dawa yake ni chumvi tu. Nikamfuata Bibi jikoni.

"Bibi, naomba chumvi. Nimeumwa na ruba."

Bibi akanisogeza karibu, maana macho yake hayakuwa ya mbali. "Liko wapi hilo ruba?"

"Limeshadondoka."

Hakunipa chumvi. Aliinuka, akavua kanga yake ya juu akanifunga, akanishika mkono hadi chumba cha ndani, kile chenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jirani. "Kaa hapa. Usitoke." Kisha akamwita Mama kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ya haraka na ya chini, na nyuma ya pazia wakaanza kunong'ona.

Hakuna aliyenieleza kitu. Ngoma za wanawali nilikwisha kwenda, pilau yao nimekula, lakini kinachoanzisha mambo yale hakuna aliyewahi kukitaja mbele yangu. Kwa hiyo nikapata maelezo yangu mwenyewe: nimefungiwa kwa sababu ya mtumbwi. Wamechoka na tope langu, na maruba, na bwana afya, na leo adhabu imefika. Hofu ikanishika. Nikapiga kelele kupitia pazia, "Bibi, nitaacha! Mwageni maji, ling'oeni, silitaki tena, wallahi silitaki!"

Nikasikia Bibi anacheka taratibu. "Haya, mjukuu wangu. Tumesikia."

Jioni alikuja Bi Zena, mama wa nyumba ya tatu, aliyeteuliwa kuwa somo yangu, na ndiye aliyenieleza sababu yenyewe, kwamba damu ile haikuwa ya ruba. Nilipoelewa kwamba sijaadhibiwa, kitu cha kwanza nilichotaka ni kuyarudisha maneno yangu. Lakini Bi Zena alikuwa ameshaanza kunifundisha: mwali hapazi sauti, mwali hatazami wakubwa usoni, mwali anakula anacholetewa, mwali haulizi. Nikanyamaza. Kesho yake mdogo wangu Hawa, mwenye miaka saba, alipoleta uji nikamnong'oneza, "Waambie mtumbwi wasiumwage." Akaitikia kwa kichwa. Mtoto wa miaka saba anaitikia kila kitu.

Siku hizi wasichana wanawekwa likizo moja tu, na simu wanayo chini ya mto. Sisi tulikaa. Mimi nilikaa tangu vuli inakwisha hadi watu wanaanza kuangalia mawingu ya masika. Mkeka, liwa ya kusingwa mwilini, mafunzo ya Somo, usingizi, uji. Nje nilitolewa mara mbili kwa siku kwenda bafu la makuti uani, kabla hakujapambazuka na baada ya magharibi, nimefunikwa kanga mbili kichwani, Somo amenishika mkono. Mtumbwi ulikuwa hatua nne kutoka njia ile. Nilikuwa naunusa.

Kama wiki tatu zilikuwa zimepita Hawa alipoingia na uji akasema, "Dada, kuna kitu kimechomoza. Kama kidole."

Nilimwaga uji. "Kina ncha? Kijani? Kimesimama chenyewe, siyo jani lililojikunja?"

"Kina ncha."

Lilikuwa tumba. Miaka mitatu, na tumba la kwanza limechomoza mimi nikiwa nyuma ya pazia! Nilihesabu vidole. Niliyajua ya bondeni: ua likifumbuka linafumbuka asubuhi jua likishapanda, linajifunga alasiri, na linafanya hivyo siku tatu, labda nne. Halafu kikonyo kinajikunja na ua linazama. Halisubiri mtu.

Siku ya nane, saa za kuchagua mchele, nikasikia Mama anasema uani, "Lo!" Halafu Bibi, "Subhana'llah, hebu nisogezeni." Halafu Hawa anaruka ruka. Nilisimama nikashika pazia. Sikutoka. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikutoka, na jibu ni kwamba haikunijia hata kidogo kwamba inawezekana kutoka. Nilimwita Hawa kwa sauti ya mwali, ambayo ni kama kumwita mtu ukiwa umezibwa mdomo.

"Rangi gani?"

"Jekundu."

"Jekundu kama nini? Kama damu? Kama pilipili? Kama kanga ya Mama ya sikukuu?"

Hawa akafikiri sana. "Kama jekundu."

Mama alipopita nikamuuliza. "Hawa naye! Si jekundu. Lina uzambarau uzambarau hivi. Zuri lakini." Bibi akasema la njano, ameliona kwa macho yake, na nahisi alipoinama aliona kile kiini cha katikati tu. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, Baba akarudi kutoka Nyamwage, akaja upande wa pili wa ukuta kwa kuwa hakuruhusiwa kuniona. "Mwanangu, ua lako nimeliona. Zuri mno."

"Rangi gani, Baba?"

Baba alikuwa mtu wa kweli, hakupenda kusema asilo na hakika nalo. "Rangi nzuri," akasema.

Watu wanne, macho manane, tukipunguza ya Bibi tuseme sita na nusu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulitazama ua na kulileta kwa maneno hadi chumbani. Nilikuwa tayari kumpiga mtu. Ningekuwa mimi nje na wao ndani, ningewaambia ni jekundu la ganda la kitunguu au la ndani ya tikiti au la ulimi wa paka. Ningewaambia linaanza vipi kwenye ncha na kuishia vipi kwenye kiini. Wao walikuwa wanapita na madebe, wanasema zuri, wanaendelea na kazi.

Siku ile ya pili nilikuwa nimejaribu kioo. Nilimtuma Hawa achukue kioo cha Mama, asimame kwenye ukumbi mbele ya mlango wa uani, akielekeze kwenye mtumbwi halafu kwangu. Nililala kifudifudi chini ya pazia, shavu kwenye sakafu. Niliona anga. Niliona kuku. Niliona kidole gumba cha Hawa, kikubwa, kimejaa kioo kizima. "Shusha! Kulia! Kulia kwako mwenyewe!" Nikaona ukingo wa mtumbwi, wallahi niliuona, na jani moja limeinuka kidogo kwa upepo, na nyuma ya jani kitu fulani chenye mwanga, kisha kioo kikainuka juu nikaona uso wa Bi Zena.

"Mwali amelala chini anatafuta nini?"

Alikichukua kioo. Hakunipiga, hakuwa mkali. Aliketi akanipangusa vumbi shavuni. Nikavunja adabu nikamwomba. "Somo, ua linaishi siku tatu tu. Nipe dakika moja ya mchana. Nifunike kanga kumi, nitoe jicho moja."

"Maua yapo kila mwaka, mwanangu," akasema. "Wewe utakuwa mwali mara moja."

Maneno hayo nimeyageuza miaka mingi. Alikuwa na haki, kwa hesabu zake. Kwake kitu kikubwa kilichokuwa kikitokea nyumbani kwetu ni mimi, na ua lilikuwa pambo la pembeni. Kinachonichoma ni kwamba hakuna aliyeniuliza kwa hesabu zangu kikubwa ni kipi. Nilipendwa, nilisingwa, nililishwa mayai, na katika kupendwa huko kote hakukuwa na nafasi ya mtu kuniuliza swali moja.

Magharibi ya siku ya tatu, tukielekea bafuni, nilijifanya nimejikwaa. Nikatoa mkono chini ya kanga nikaupeleka majini. Nililipata. Lilikuwa limeshajifunga, baridi, gumu kidogo, ncha imechongoka. Kwa upenyo wa kanga na mwanga uliobaki niliona kijani tu, maana yungiyungi likijifunga majani yake ya nje yanaificha rangi yote ndani. "Inuka, mwali," Somo akasema. Asubuhi ya tano Hawa alileta uji akasema limezama.

Nililia, sisemi uongo, na sikulia kama mwali. Lakini baada ya siku kadhaa Hawa akaja tena na habari: tumba la pili. Siku ile ile Mama akaniambia siku ya kutolewa imepangwa, Jumamosi ya wiki ya pili yake. Nikahesabu. La kwanza lilichukua siku nane tangu kuchomoza hadi kufumbuka. La pili, likienda mwendo huo, lingefumbuka Ijumaa, na Jumamosi saa nne, saa ambayo ningetolewa nje nimevishwa na kupambwa mbele ya watu wote, lingekuwa limefumbuka siku yake ya pili, pana kabisa. Nilihesabu mara ishirini nikapata jibu lile lile. Tangu hapo nikawa mwali wa mfano. Sikuuliza, sikupaza sauti, niliinamisha macho mpaka shingo ikauma, na Bi Zena akaenda kunisifia mtaani. Alidhani mafunzo yameingia.

Alhamisi wageni wakaanza kufika, ndugu wa Babu kutoka visiwani na watu wa Baba kutoka Nyamwage. Mtaani kwetu bomba lilitoa maji mara mbili kwa wiki, na wiki ile lilikuwa limekauka. Nilisikia wanawake wanapanga nani aende kisimani, wapi pa kuhifadhi maji ya kupikia watu wengi hivyo. Kutwa nzima nilisikia ndoo, maji yakimwagwa, makumbi ya nazi yakisugua kitu, vicheko. Sauti za shughuli, nikadhani. Na zilikuwa hizo. Nililala mchana nikijua kesho tumba linafumbuka.

Jioni Bibi aliniletea chakula mwenyewe. Haikuwa kawaida yake. Aliketi kwenye mkeka kwa taabu, magoti yakilia, akaweka bakuli katikati yetu. Ndani kulikuwa na viazi vidogo vitano katika tui zito la nazi, vina chumvi tu.

"Kula kwanza," akasema.

Nikala, macho chini. Vilikuwa laini, vya unga unga, kama njugu mawe changa zilizochemshwa, na nyuma ya utamu kulikuwa na ladha ya udongo ambayo ulimi wangu ulidhani unaijua. Nilikula kimoja, kisha cha pili. Nilikula vinne.

"Vitamu, Bibi."

"Eeh! Nilijua." Akafurahi kama mtoto. "Mwaka ule wa njaa, mama yako hajazaliwa, tulikuwa tunashinda bondeni tunapapasa tope kwa miguu, tunavitafuta hivi. Mama yangu ananipa miye, yeye anakunywa maji yaliyochemshiwa. Tangu mwaka ule sijavitia mdomoni. Sasa leo kina mama wamemwaga mtumbwi waweke maji ya kupikia, wakainua kile chungu chako, nikawaambia hebu vunjeni. Nikaviona. Wamevitaka wote. Nikasema hapana, hivi vya mwali."

Nilisikia neno mtumbwi, lakini lilichukua muda kuingia.

"Wamemwaga?"

"Na kuusugua ukang'aa. Babu yako angeona! Watu sitini watapikiwa kwa maji ya mtumbwi wake."

"Na tumba?"

"Lipi? Majani na vitu vyake vyote wamepewa mbuzi."

"Nani amesema umwagwe, Bibi?"

Akashangaa kweli. "Si weye mwenyewe? Ulilia siku ile mpaka ukatutia huruma. Mwageni, ling'oeni, sitaki tena. Mama yako leo alisitasita, anasema mtoto alikuwa anakipenda kitu kile. Miye nikamwambia, mwache, keshakua, mambo ya maji maji ameshayaacha mwenyewe."

Kiazi kimoja kilikuwa kimebaki. Nilikitoa kwenye tui nikakigeuza kwenye vidole, nikatafuta jicho, pale mche unapochomokea. Lilikuwepo. Nikalibonyeza kidogo kwa kucha, likavunjika kama ubwabwa. Kilikuwa kimeiva mpaka ndani.

Nilitaka kupiga yowe litakalosikika Kibiti. Badala yake nikainua macho, jambo ambalo mwali halifanyi, nikamtazama Bibi usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kama wafanyavyo watu wasioona vizuri, anasikiliza kama natafuna.

"Bibi, weye umekula vingapi?"

"Miye? Hata kimoja. Vilikuwa vitano tu." Akanisogezea bakuli. "Malizia, mjukuu wangu, kabla hakijapoa."

Mwali anakula anacholetewa. Nikakitia mdomoni nikakitafuna kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na kilikuwa kitamu kuliko vile vinne.